Kamati ya Wakili

Mimi kamati za michango sizipendi, na mtaani kwetu Mkolani jambo hilo linajulikana. Anayeniletea kadi ya mchango husimama karibu kabisa na barabara, tayari kuondoka, maana anajua nitaanza maswali: harusi ya nani, kwa nini ukumbi wa gharama hivyo, na kwa nini watu wazima wawili wenye kazi zao wasioane kwa hela yao wenyewe. Mwishowe natoa, kwa sababu nikikataa nitazikwa na nani. Lakini natoa nikiwa nimenuna.

Kwa hiyo mwaka ule watu waliponiona napita mtaani naitisha kikao cha kamati, wapo waliodhani naumwa.

Nilikuwa nashona kwenye fremu moja ya duka na rafiki yangu kutoka Kongo. Mimi nashona sare za shule, kazi isiyo na sifa lakini kila Januari haikosi wateja. Yeye anashona vitenge. Nikisema anashona vitenge sijasema kitu, kwa sababu kila fundi anashona vitenge. Yeye akikushonea, unatoka pale dukani umenyooka mgongo. Wateja walikuwa wanapanda magari kutoka Buhongwa na Nyegezi kumfuata, wakikuta foleni wanakaa kwenye benchi langu, wanaegemea sketi zangu za bluu nilizokwisha kupiga pasi, na mimi nawafokea. Yeye anacheka tu. Tuliishi hivyo miaka mingi na sikumbuki tumegombana kwa jambo la maana.

Alikuja Mwanza akiwa msichana, ameolewa na Mtanzania aliyekuwa akivuka Ziwa Tanganyika kwenda Uvira kununua vitenge. Mambo ya vibali yote alikuwa anayashughulikia mume. Mume akafariki, watoto wawili wakiwa bado wadogo, na vibali navyo vikaisha muda wake. Yeye akaendelea kuishi kama tunavyoishi sote: anaamka, anafagia, anafungua duka, anakwenda kanisani. Aliponieleza hayo baadaye nilimgombeza sana. Nikamuuliza miaka yote hiyo alikuwa anafikiri nini.

“Dada, nilikuwa nalea,” akasema.

Nikarudi kwenye sketi zangu.

Yalianza kwa jambo jema. Mwanawe mkubwa alimaliza kidato cha sita, akahitaji kitambulisho cha taifa, na mama mtu akavaa gauni lake zuri kuliko yote akamsindikiza kama mzazi. Hakuna aliyemchongea. Afisa aliyewapokea alikuwa mpole, akauliza habari za kijana, kisha akauliza habari za mama. Basi. Baada ya hapo ikawa ni ofisi ya uhamiaji, maswali, mimi kuitwa kuja kumdhamini na barua ya mtaa mkononi, na mwisho amri ya kuondoka nchini. Walimwambia kwa adabu, na yeye akaipokea kwa adabu. Akarudi dukani akaketi mbele ya cherehani yake bila kuifunua. Watoto wake walikuwa wamezaliwa hapa, Kongo hawaijui hata kwa picha. Angewaacha, au angewachukua awapeleke mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa tena na mtu wa kumpokea. Nilimtazama nikahisi hasira hadi masikio yakawaka moto, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana sheria ni sheria na kila mtu alikuwa amefanya kazi yake.

Nikamshika mkono tukaenda mjini kutafuta wakili.

Tulimpata ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Alikuwa binti mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, akaniamkia shikamoo kabla hajamwamkia rafiki yangu, na hapo hapo nikaanza kumpenda. Alisoma zile karatasi polepole. Akasema njia ipo: kukata rufaa kwa wakubwa, na pamoja nayo kuomba kibali cha kuishi kama mjane na mama wa watoto wa hapa. Rufaa ikishaingia, hataondolewa mpaka ijibiwe. Lakini iingie mapema, na yeye hawezi kuanza kazi bila nusu ya ada. Nusu nyingine kabla shauri halijasikilizwa. Kisha akaitaja ada yenyewe. Baadaye niliuliza kwingine nikaona alitufanyia huruma, ila siku ile nilipoisikia niliomba maji ya kunywa.

Kwenye ngazi rafiki yangu akasema, “Tuache, dada. Aksanti umenisindikiza. Mie kuombewa pesa sitaki.”

“Nani kakuuliza unataka nini?” nikamjibu. Nikiwa na hofu mdomo wangu huwa mbaya zaidi.

Nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila nilipoingia walinipa kiti, walinipa uji, walisikitika hasa, kwa sababu mtaa mzima walikuwa wanampenda. Mmoja alitoa machozi. Mwingine akaahidi kufunga na kuomba. Hela hakuna aliyetoa. Si kwamba walikuwa wachoyo, hapana. Walikuwa wananitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya habari, na mimi sehemu ya pili nilikuwa sina.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu muuza sato, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake. Alinikuta nimekaa nje ya fremu nimeshika tama.

“We nawe,” akasema, akatua beseni lake la samaki. “Umeona wapi watu wanachanga bila kamati? Unapita pita na mdomo mtupu kama mgambo. Nenda kwa mwenyekiti.”

Mwenyekiti ni mzee mmoja aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye pantoni la Kigongo, akipanga magari: lori huku, basi kule, pikipiki zijibane pembeni. Alistaafu, kisha daraja likafunguliwa na pantoni lenyewe likapumzika, na nguvu zile zote akazihamishia kwenye kamati za harusi. Hakuna ndoa iliyofungwa Mkolani bila yeye kuiongozea kamati. Mimi nilikuwa simwezi. Nilipomfikia akanisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, “Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwangu. Mlete na mhusika.”

Jumapili tukakuta viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari uani kwake, kati ya majabali mawili, na kila kiti kina mtu. Mzee alivaa koti. Akafungua kwa sala, akamchagua muuza sato kuwa mweka hazina bila kumuuliza, kisha akatoa karatasi mfukoni akaanza kusoma.

“Ajenda ya kwanza, ukumbi. Ya pili, chakula na vinywaji. Ya tatu, mapambo na sare. Ya nne, MC na muziki. Ya tano, keki.”

Nilidhani mzee amekosea karatasi. Nikangoja ajirekebishe. Hakujirekebisha, mkono mmoja ulikuwa umekwisha kunyooshwa kuhusu ukumbi, na mama mmoja nyuma yangu alikuwa anasema wali usipikwe na yule aliyeuunguza kwenye harusi iliyopita. Nikasimama.

“Mzee, keki ya nini?”

“Ya shughuli.”

“Shughuli gani? Huyu mtu anataka kuondolewa nchini! Tunatafuta hela ya wakili!”

“Naelewa, mayu,” akasema, maana kila mwanamke humwita mama kwa Kisukuma, akanitazama kwa upole kama mtu anayeongea na mgonjwa. “Ndiyo maana nilitaka kushauri keki iwe ndogo.”

Niliyoyasema baada ya hapo siwezi kuyaandika yote. Niliwaambia hawana akili, niliwaambia wanapenda kula, niliwaambia hata siku ya kiyama watauliza mapambo ni rangi gani. Waliniacha nimalize. Kisha mzee akavua miwani.

“Ukimwambia mtu nipe hela nikampe wakili,” akasema, “anaona hela yake imepanda gari imekwenda mjini, basi, haioni tena. Ukimwambia Jumamosi fulani utakuja, utakaa na wenzako, utakula, utaonekana, hiyo hela ataitafuta hata kwa kukopa. Si tamaa bwana. Mtu anataka awepo. Wewe mwenyewe huwa unanuna lakini harusi ipi hukuja?”

Watu wakacheka, na mimi nikakaa chini, kwa sababu harusi zote nilikuja.

Kikao kikaendelea. Ukumbi ukafutwa, ikawa uani kwa mwenyekiti. MC akafutwa, maana mwenyekiti alijipa kazi hiyo mwenyewe. Keki ikabaki. Waligombana kidogo juu ya sare, kina mama wa mbele wanataka bluu, wa nyuma wanataka kijani, mpaka mzee akasema aulizwe mhusika. Rafiki yangu alikuwa hajafungua mdomo tangu tuingie. Akatazama chini, akatazama juu.

“Rangi ya chungwa,” akasema. “Bluu inawazeesha.”

Uani kukawa kelele tupu. Kelele zilipopungua, muuza sato akauliza nani atashona, na watu wote wakageuza vichwa kututazama sisi wawili. “Kila mtu atanunua kitenge chake,” akasema, “na ufundi atalipa kama kawaida, asiombe kupunguziwa. Hela ya ufundi yote naishika mimi inakwenda kwa wakili. Ahadi za michango walizoandikisha watu ziko palepale, hizo ni mbali.”

Nilimwona rafiki yangu anakaa vizuri kwenye kiti.

“Hiyo naweza,” akasema. “Hiyo ni kazi.”

Wiki zilizofuata ni kati ya wiki nzuri za maisha yangu, na sioni haya kulisema, ingawa najua ilikuwa kwa sababu ya jambo baya. Fremu yetu ilijaa kitambaa cha rangi ya chungwa mpaka tukikaa nyuso zetu zilionekana kama zimepakwa mafuta ya mawese. Niliweka sare za shule pembeni, nikawa naunga mishono mirefu na kukunja mapindo, yeye anakata na kutengeneza yale anayoyajua. Watu waliingia kupimwa bila kukoma. Muuza sato alitaka gauni la kubana mpaka magotini kisha limwagike, tukamwambia hataweza kupanda pikipiki, akasema siku hiyo atatembea. Mwenyekiti alitaka shati lenye mifuko minne. Waume waliosema wao sare hawavai walikuja kimyakimya jioni kuuliza kama kipande kimebaki. Na kila aliyelipa ufundi aliulizia: rufaa imefika wapi, wakili anasemaje, watoto wanaendeleaje. Kumbe zile nyumba zilizonipa uji zilikuwa zinangoja kupewa kazi ya kufanya.

Nusu ya kwanza ikamfikia wakili kwa wakati, na rufaa ikaingia.

Jumamosi ya shughuli ikafika. Tulipika pilau, tukakaanga sato, na wali haukuungua. Wakili tulikuwa tumemwalika kwa heshima tu, tukijua watu wa mjini hawana muda, lakini alikuja, na viatu vya kisigino kirefu, akawa anatembea kwa shida kati ya mawe. Alijua tutamkabidhi nusu iliyobaki. Hakujua tutaikabidhi vipi. Mwenyekiti alimketisha mbele, akaamuru muziki, na kamati nzima, sote tukiwa na rangi moja, tukatokea nyuma ya nyumba tunacheza mstari mmoja, muuza sato mbele kabisa, hatua fupi fupi kwa sababu ya lile gauni, na ungo kichwani umefunikwa kitambaa. Ndani ya ungo ndiyo hela ya wakili. Ndivyo tunavyopeleka zawadi za bibi harusi na hatujui namna nyingine. Tulimzunguka wakili mara nyingi kabla ya kumpa, tunarudi nyuma, tunamsogelea, tunarudi tena. Yule binti hakujua aweke wapi mikono yake. Mwishowe akavua vile viatu, akaingia katikati akacheza, na alipokabidhiwa ungo akafungua mkoba wake pale pale, akaandika risiti huku kiuno kikiendelea. Nimeshuhudia harusi nyingi. Hakuna iliyonifurahisha kama ile.

Rafiki yangu alicheza mpaka kilemba kikalegea.

Halafu ikaja kungoja, na kungoja hakuna kamati yake. Kila alipotakiwa kuripoti ofisini nilifunga duka nikaenda naye. Yeye anaingia, mimi nakaa nje nikihesabu wanaotoka, na mlango ukichelewa kufunguka naanza kuhesabu upya. Akitoka ananiambia, “Bado,” tunanunua mahindi ya kuchoma tunarudi. Wakili alikuwa ametuambia ukweli: jibu linaweza kuwa lolote. Watu wa mtaani walikuwa na hakika kabisa kwamba shughuli imekwisha na mambo yamenyooka, kama vile ukishakula pilau ya harusi ndoa haiwezi kuvunjika. Sisi wawili tulikuwa hatuna hakika hiyo, na hatukuwaambia.

Asubuhi moja nilimkuta ametandaza karatasi juu ya meza ya kukatia. Alikuwa na mshono mmoja wa mkono wa gauni ambao ni wake peke yake, unaanzia begani umejaa kisha unaisha kwenye kifundo umekaza, na mafundi wengi wa Mwanza wameujaribu wakaishia kushona mto. Hajawahi kumwonyesha mtu. Akaniita nisogee. Akaanza kunionyesha wapi anaanza kukata, wapi anapunguza, kwa nini kitambaa akigeuze upande.

“Unanionyesha ya nini?” nikamuuliza.

“Wateja watakuja, dada. Watakukuta wewe.”

Nilielewa. Nikamwambia mimi ni fundi wa sare za shule, mikono ya mashati ya watoto inanitosha, sina haja ya kujifunza mambo ya Kikongo uzeeni. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka. Nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya fremu, nikalia, nikajifuta kwa kipande cha kaptula ya mtu. Niliporudi alikuwa amekunja karatasi zake na anashona. Mchana nikamgawia viazi vyangu.

Jibu lilikuja siku ya mvua. Wakili alipiga simu, rafiki yangu akanisukumia, nikapokea mimi. Amri imeondolewa. Amepewa kibali cha kuishi, cha miaka miwili, na kikikaribia kwisha aombe tena. Niliyarudia maneno hayo kwa sauti, neno moja baada ya jingine. Yeye akauliza, “Ni kweli, kweli?” Nikamwambia ni kweli. Akaketi sakafuni kwenye vipande vya vitambaa, miguu imenyooka mbele yake. Kisha akainuka akaenda kununua nyama kwa ajili ya watoto. Mimi nilibaki namshukuru Mungu kwa maneno ambayo padri asingeyapitisha.

Kamati yoyote kwetu lazima ivunjwe. Shughuli ikiisha, mwenyekiti huitisha kikao cha mwisho, hela zilizobaki zinanunuliwa soda na nyama, watu wanakula, wanashukuriana, na yeye anatangaza kwamba kuanzia sasa kamati haipo tena. Bila hivyo watu hawalali vizuri. Basi tukaitwa uani, wote na sare zetu, kwa kuwa zilikuwa bado mpya na hakuna aliyetaka kukosa nafasi ya kuzivaa. Rafiki yangu aliwekwa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa cheupe kinachokaliwa na mgeni rasmi, peke yake, watoto wake wakiwa nyuma na sisi.

Tukala. Mweka hazina akasoma alichopokea na alichotoa, na hakuna aliyempinga, jambo ambalo mwenyekiti alisema hajawahi kuliona. Kisha mzee akasimama, akakohoa.

“Sasa wajumbe, naomba hoja ya kuvunja kamati.”

Hoja hii huwa haina kazi. Kila mara kuna mtu anaharakisha kunyoosha mkono ili tuondoke. Safari hii mikono ilibaki mapajani. Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia.

“Wajumbe?”

“Mzee, samahani,” muuza sato akasema. “Kibali ni cha miaka mingapi?”

“Miwili.”

“Sasa tunavunja nini?”

Mama mmoja akatikisa kichwa kukubali, na mwingine, kisha wanaume wa nyuma. Mzee alijikuna shingo. Alisema hajawahi kuacha kamati wazi, ni utaratibu mbaya, vizazi vijavyo vitatushangaa. Akangoja tena mtu amwokoe. Mimi, ambaye kila kamati natamani ivunjwe kabla haijaanza, nilikuwa nimebana mikono yangu kwapani ili usitokee hata mmoja kwa bahati mbaya.

“Haya,” akasema. “Kamati haijavunjwa. Kikao kijacho mtatangaziwa.”

Hapo rafiki yangu akanyoosha mkono kule mbele. Mzee akampa nafasi. Alisimama akashika mgongo wa kile kiti.

“Mwenyekiti, nami naomba kutoa ahadi. Kama inaruhusiwa.”

Watu wakamgeukia mzee. Najua kanuni zake, anayechangiwa hachangi, na nilikuwa tayari kusimama nimshukie. Mzee alivaa miwani yake, akamtazama rafiki yangu, akakitazama na kile kiti chenye kitambaa cheupe.

“Ahadi zinatolewa na wajumbe, mayu,” akasema. “Na wajumbe hawakai huko. Chukua kiti cha plastiki uje ukae na wenzako.”

Akaja. Tukajibana, akakiweka kati yangu na muuza sato.